Tuwape Vijana Wetu Likizo ya Kutafiti Kansa ya Watoto

Wewe mkulima wa kahawa unaijua chulebuni. Unaijua pia kutu ya majani. Magonjwa hayo mawili yamewatia hasara wazazi wetu kwa miaka mingi. Lakini hatukukaa tu na kulia. Pale Lyamungo, kwenye mteremko wa mlima wetu, kuna kituo cha utafiti wa kahawa kilichoanza mwaka 1934. Kazi ya watafiti ni kuuliza na kuhesabu. Mibuni mingapi imeugua? Mingapi imesalimika? Shamba liko juu au tambarare? Mvua ilinyesha kiasi gani? Kwa kuuliza hivyo na kujaribu miaka mingi, wametupatia miche inayostahimili magonjwa yote mawili. Leo miche hiyo imepandwa katika vihamba vingi.

Mkulima hakasiriki mtaalamu akihesabu mibuni yake. Anajua faida yake.

Sasa nauliza. Mbuni unahesabiwa. Mtoto je?

Mtoto wa kijijini akiugua kansa, nani anakwenda nyumbani kwao kuuliza ugonjwa ulianza lini? Nani anauliza ulionekanaje mwanzoni, mzazi alikwenda wapi kwanza, na zilipita siku ngapi kabla ya kufika hospitali? Watu wa kufanya kazi hiyo ni wachache mno. Ndiyo maana leo natoa maoni yangu wazi. Vijana wetu wanaosomea uganga na uuguzi wapewe nafasi na posho, wakati wa likizo ndefu, ili watafiti kansa ya watoto hapa hapa kwetu. Na sisi wanavijiji tuwapokee, tuwajibu, kisha tuwadai majibu.

KANSA YA WATOTO NI NINI?

Kansa huitwa pia saratani. Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo sana zinazoitwa seli. Seli huongezeka kwa utaratibu, kama nyumba inavyojengwa tofali juu ya tofali. Wakati mwingine seli huacha utaratibu. Zinaongezeka ovyo, zinafanya uvimbe, au zinajaa katika damu. Hiyo ndiyo kansa.

Watu wengi hufikiri kansa ni ugonjwa wa wazee. Sivyo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 duniani hupata kansa. Mtoto anaweza kupata kansa ya damu, ya jicho, ya figo, ya ubongo, ya mfupa, au ya tezi.

Kansa ya mtoto haiambukizi. Mtoto mwenye kansa anaweza kula na kulala pamoja na ndugu zake. Pia mara nyingi haitokani na kosa la mama wala la baba. Si laana ya ukoo. Si jirani aliyetupa jicho baya.

Tena kuna habari njema. Kansa nyingi za watoto zinapona. Katika nchi tajiri, katika kila watoto 100 wenye kansa, zaidi ya 80 wanapona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 angalau watoto 60 katika kila 100 wapone, duniani kote.

Fikiri juu ya hesabu hiyo, ndugu msomaji. Kansa ni ile ile. Mtoto ni yule yule. Lakini kule wanapona 80, na huku hawafiki 30. Tofauti ni nini? Dawa ni sehemu ya tofauti. Lakini sehemu nyingine ni kuchelewa, kutotambuliwa kwa ugonjwa, na kuacha matibabu katikati. Mambo hayo matatu hayako ndani ya chupa ya dawa. Yako vijijini kwetu, njiani, na nyumbani. Hayawezi kuondolewa na mtu asiyeyajua.

DAKTARI ALIYEULIZA MASWALI

Labda utasema utafiti ni kazi ya Wazungu wenye mashine kubwa. Sikiliza basi habari hii ya Afrika Mashariki yetu.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alikuwapo daktari mpasuaji jina lake Denis Burkitt. Siku moja aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya, upande wa kulia na wa kushoto, juu na chini. Burkitt hakupata kuona uvimbe wa namna hiyo. Majuma machache baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja. Alipotazama nje dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso uliovimba vile vile. Alipompima alikuta uvimbe tumboni pia.

Wengine wangesema, "Bahati mbaya," wakaendelea na kazi. Burkitt aliuliza. Alifungua mafaili ya zamani ya hospitali. Akagundua kwamba uvimbe wa taya na uvimbe wa tumbo kwa watoto wale ulikuwa ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 aliandika habari hizo. Kansa hiyo leo inaitwa kwa jina lake duniani kote.

Kisha akauliza tena. Ugonjwa huu uko wapi na hauko wapi? Hakuwa na mashine kubwa. Alikuwa na fedha kidogo sana. Alituma karatasi zenye picha za watoto wagonjwa kwa hospitali nyingi za Afrika, akauliza, "Mmeona mtoto kama huyu?" Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakasafiri majuma 10. Walitoka Uganda, wakapita Tanganyika, wakaenda hadi Afrika Kusini na kurudi. Safari ile ilikuwa kama kilometa 16,000. Kila hospitali waliyofika waliuliza swali lile lile.

Walipoweka majibu kwenye ramani waliona jambo la ajabu. Ugonjwa ulikuwa mwingi kwenye nchi za joto na mvua. Kwenye milima yenye baridi haukuonekana. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, ukipanda zaidi ya kama meta 1,500, ulikuwa adimu sana.

Ndugu wa Kilimanjaro, wewe unaelewa jambo hili kuliko watu wengi. Unajua Kahe na Arusha Chini palivyo na joto na mbu. Unajua pia baridi ya Kibosho juu na Marangu juu, karibu na msitu. Mbu anayeleta malaria anapenda joto na maji. Juu mlimani ni wachache. Ramani ya kansa ile ililingana na ramani ya malaria.

MWANAFUNZI ALIYEACHA JINA LAKE

Mwaka huo huo wa 1961 Burkitt alitoa mhadhara London. Mtafiti mmoja, Anthony Epstein, alikuwapo akisikiliza. Akaomba aletewe vipande vya uvimbe kutoka Kampala kwa ndege. Kwa muda mrefu hakuona kitu. Hatimaye, mwaka 1964, yeye na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong waliona kirusi ndani ya seli hizo. Kirusi ni kijidudu kidogo sana ambacho jicho haliwezi kukiona. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kirusi cha namna hiyo kuonekana katika kansa ya binadamu.

Kirusi hicho kinaitwa Epstein-Barr. Angalia jina la pili. Yvonne Barr alikuwa msaidizi aliyekuwa bado anasoma kwa kufanya utafiti. Shahada yake aliipata mwaka 1966. Jina la mwanafunzi liko katika vitabu vya uganga vya dunia nzima. Basi tusidharau mwanafunzi mwenye daftari.

Leo wataalamu wanajua kwamba karibu kila mtu hupata kirusi hicho, na wengi hakiwaletei kansa. Lakini mtoto mdogo akishikwa na malaria mara kwa mara, hatari inaongezeka. Kwa hiyo chandarua unachomfunika mtoto kinamkinga na malaria, na kinaweza kusaidia kumkinga na kansa hii pia.

Nchi yetu nayo ilishiriki katika kutafuta majibu. Mara ya Kaskazini, kati ya mwaka 1977 na 1982, watoto walipewa dawa ya klorokwini ya kuzuia malaria, ili ionekane kama kansa hiyo itapungua. Ilipungua. Lakini ilikuwa imeanza kupungua hata kabla ya dawa kutolewa, na baadaye malaria ilipanda tena. Kwa hiyo jibu halikuwa kamili. Nalisema hili makusudi. Utafiti hautoi jibu kamili kila mara. Hata mkulima akijaribu mbegu mpya, msimu mmoja hautoshi. Lakini asiyejaribu hapati hata nusu ya jibu.

Na matibabu je? Mwaka 1967 kilifunguliwa kituo cha kutibu kansa hiyo pale Mulago. Ilionekana kwamba dawa za sindano zinaweza kuyeyusha uvimbe ule, na watoto waliokuwa wakingojewa kufa waliweza kurudi nyumbani kwao. Hayo yote yalianza na mtu aliyetazama dirishani akauliza.

WENZETU WANAWALIPA WANAFUNZI

Huko Marekani alikuwapo mtoto wa kike, Alexandra Scott. Walimwita Alex. Alizaliwa mwaka 1996. Kabla hajatimiza mwaka mmoja ilijulikana ana kansa. Mwaka 2000, akiwa na miaka 4, aliweka meza mbele ya nyumba yao akauza maji ya limau. Alisema fedha zitumike kuwasaidia madaktari kutafuta dawa. Watu wengine wakaiga. Alex alifariki mwaka 2004 akiwa na miaka 8. Wakati huo yeye na waliomuunga mkono walikuwa wamekusanya zaidi ya dola milioni moja.

Shirika lililoachwa kwa jina lake linaendelea. Moja ya kazi zake ni hii. Kila mwaka, katika miezi yao ya joto ambapo vyuo hufungwa, linawapa posho wanafunzi wanaopenda kutafiti kansa ya watoto. Kila mwanafunzi anawekwa chini ya mtafiti mzoefu. Anafanya kazi kwa majuma kadhaa. Anapewa swali moja dogo la kulitafutia jibu. Likizo ikiisha anaandika alichokipata.

Kwa nini wanawalipa vijana ambao bado hawajahitimu? Kwa sababu mtu hupenda kazi aliyoionja mapema. Kijana aliyekaa na watoto wenye kansa kwa likizo moja, akaona mmoja amepona, huenda akachagua kazi hiyo maisha yake yote. Asiyeonja, ataionjaje?

Na sisi tunahitaji watu hao sana. Madaktari wanaojua kansa ya watoto ni wachache Tanzania. Hawawezi kupatikana kwa siku moja. Lazima waoteshwe kama miche, kisha wamwagiliwe.

HAPA KWETU TUNA NINI?

Hatuanzi na mikono mitupu. Hospitali ya rufaa ya KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971. Chuo cha udaktari kilianza pale mwaka 1997. Tangu mwaka 2016 kuna kituo cha kutibu kansa. Zamani mgonjwa wa kansa wa huku alilazimika kusafiri hadi Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 500. Sasa matibabu mengi yako karibu zaidi. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, na ya Bugando, Mwanza, nazo zinatibu watoto wenye kansa.

Tuna wanafunzi pia. Wengi wametoka katika vijiji kama vyako. Kijana wa Rombo anakijua Kichagga cha Rombo. Kijana wa Same anakijua Kipare. Akimsalimu bibi kwa lugha ya nyumbani, bibi atamwambia mambo ambayo hawezi kumwambia mgeni.

Wakati wa likizo ndefu wengi wa vijana hawa hurudi nyumbani, wakasaidia shambani na kungojea chuo kifunguliwe. Ni vizuri kusaidia wazazi. Lakini miezi miwili ya kijana msomi ni mali. Tuitumie.

Maswali ya kutafiti hayakosekani. Nitataja manne tu.

La kwanza. Hospitali huandika watoto waliofika. Mtoto aliyefia nyumbani bila kupimwa nani amemwandika? Kijana anaweza kukaa na viongozi wa vijiji na wahudumu wa afya, akahesabu kwa heshima na bila kutaja majina.

La pili. Tangu mama alipoona dalili mpaka mtoto alipopimwa, zilipita siku ngapi? Zilipotea wapi? Dukani kwa kununua vidonge? Kwa mganga wa majani? Zahanati ambako walisema ni jino tu? Au nyumbani, wakimngoja baba aliyeko mjini atoe nauli na ruhusa?

La tatu. Kwa nini wazazi wengine huacha matibabu katikati? Kansa nyingine hutibiwa kwa miezi. Ya damu huweza kuchukua miaka miwili au zaidi. Mara nyingi baada ya sindano za kwanza uvimbe unanywea. Mtoto anacheka, anakula. Mzazi anaona amepona, anamrudisha nyumbani. Baada ya muda kansa inarudi, na mara hii ni ngumu kuitibu. Mzazi huyo si mjinga. Ana watoto wengine nyumbani, ana ng'ombe, na fedha zimekwisha. Tukijua ni lipi hasa lililomrudisha, tutajua la kufanya.

La nne. Mtoto aliyepona anaishije? Amerudi shuleni? Wenzake wanamwogopa? Huyo ndiye shahidi bora kwamba kansa inapona. Anapaswa kujulikana, kama yeye na wazazi wake wanataka.

Maswali haya hayahitaji mashine. Yanahitaji viatu, daftari, adabu, na mwalimu wa kumwongoza kijana.

YATASEMWA MANENO

Najua wengine watapinga. Ni haki yao, na tuwajibu.

Mtu wa kwanza atasema, "Dawa hazitoshi. Kwa nini fedha zisinunue dawa badala ya kuwalipa wanafunzi?" Ni swali zuri. Dawa lazima zinunuliwe. Lakini mtoto akifika hospitali wakati uvimbe umekwisha kuenea mwilini, dawa ile ile ya bei kubwa haitafanya kazi sawasawa. Kumfikisha mapema ni sehemu ya dawa. Mfongo ukiwa umebomoka juu, hata mvua ikiwa nyingi, maji hayafiki kihambani. Ni lazima mtu apande kutafuta pale ulipobomoka.

Mtu wa pili atasema, "Watafiti wanakuja, wanauliza, wanaandika, wanaondoka. Hatuwaoni tena. Wanapata vyeo kwa taabu zetu." Huyu naye anayo hoja. Yametokea katika vijiji vingi. Lakini dawa ya jambo hilo si kufunga mlango. Ni kuweka masharti. Nitayataja hapo chini.

Mtu wa tatu atasema, "Kumtaja mtoto mgonjwa ni kumwitia kifo." Ndugu yangu, hofu hiyo naiheshimu. Ila kifo hakingoji kuitwa. Uvimbe unaofichwa chini ya kanga unaendelea kukua. Tukiutaja mapema tunaitia tiba.

Kumbuka pia kwamba sisi wanavijiji tulikwisha kufanya kazi kubwa ya elimu ya afya. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, wakajadili, wakachimba vyoo. Wengi wao ndio kwanza walikuwa wamejifunza kusoma. Kama wazee wetu waliweza kujifunza habari za malaria na vyoo, sisi hatushindwi na kansa ya watoto.

NANI ATOE FEDHA, NA KWA MASHARTI GANI?

Serikali na vyuo viweke fungu. Wahisani wa nje wakija tuwashukuru. Lakini tusingoje wao tu. Kahawa ya mlima huu imejenga shule na kusomesha watoto wengi. Chama cha KNCU kilianzishwa mwaka 1933, na vyama vya msingi viko kila upande. Mikutano mikuu ya vyama hivyo ijadili jambo hili. Chama kimoja kikimlipia kijana mmoja nauli na chakula kwa likizo moja, si mzigo wa kuvunja mgongo. Halmashauri, misikiti na makanisa vinaweza kufanya hivyo hivyo.

Masharti ya kijiji yawe haya.

Moja, kijana aje na kibali cha utafiti, na barua ya chuo chake. Aanze kwa mwenyekiti wa kijiji.

Mbili, aeleze kazi yake kwa Kiswahili kinachoeleweka. Mzazi ana haki ya kukubali, ya kukataa, na ya kuacha katikati. Akikataa, mtoto wake asinyimwe matibabu kwa sababu hiyo.

Tatu, asitaje jina la mgonjwa kwa mtu yeyote asiyehusika.

Nne, akimkuta mtoto mwenye dalili, asiandike tu na kupita. Amsaidie kufika zahanati au hospitali. Utafiti unaomwacha mtoto na uvimbe wake si utafiti wa kiutu.

Tano, na hili ni kubwa kuliko yote, arudi. Aje katika mkutano wa kijiji aseme, "Mliniambia haya, nimepata haya, na nashauri tufanye haya." Asiyerudi, mwakani chuo chake kisipokewe mpaka kieleze.

DALILI ZA KUANGALIA

Wakati tunangoja vijana hao, wewe mzazi usingoje. Mpeleke mtoto zahanati au kituo cha afya haraka ukiona moja ya haya:

Weupe katikati ya mboni ya jicho, hasa unaoonekana taa ikimmulika usiku, au jicho lililoanza kwenda kombo.

Uvimbe wa taya au uso, au meno yanayolegea bila sababu.

Uvimbe tumboni. Mama anayemwogesha mtoto ndiye huugusa kwanza.

Tezi au uvimbe popote mwilini usiopungua.

Homa isiyokwisha, mwili kupauka, kutoka damu puani au kwenye fizi, au alama za michubuko bila kuanguka.

Maumivu ya mifupa yanayomwamsha mtoto usiku, au kuchechemea.

Kuumwa kichwa na kutapika asubuhi siku baada ya siku.

Usiogope mno. Mara nyingi dalili hizi huwa za magonjwa mengine madogo. Lakini mwenye kujua ni aliyempima. Ukipewa dawa na hali isibadilike, rudi. Ukirudi na hali isibadilike, uliza kwa upole, "Mganga, hii haiwezi kuwa kansa? Naomba barua ya kwenda hospitali kubwa." Hilo si utovu wa adabu. Ni haki ya mtoto wako. Na ukishindwa gharama hospitalini usitoroke na mtoto. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitali, ueleze shida yako.

Ndugu msomaji, likizo ijayo kijana anaweza kupiga hodi nyumbani kwako akiwa na daftari. Soma barua yake. Sasa unajua kusoma, hakuna wa kukudanganya. Ukiridhika, mpe kigoda akae, umweleze kweli yote. Jibu lako linaweza kumwokoa mtoto wa Kirua au wa Mwika ambaye hutamwona kamwe. Na kama kijana huyo hajaja, mwulize diwani wako na mwenyekiti wa chama chako cha msingi: Kwa nini hajaja?

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini watoto wengi wenye kansa hupona katika nchi tajiri kuliko katika nchi maskini?

2. Denis Burkitt aligundua nini kwa kuuliza maswali katika hospitali nyingi?

3. Taja dalili nne za kansa ya watoto. Mama mwenye mtoto mchanga anaweza kuziona wakati gani?

4. Katika kijiji chetu, mtoto akivimba tumbo, tunampeleka wapi kwanza? Je, ni sawa?

5. Kijana mtafiti akija kijijini kwetu, tumpe masharti gani? Nani atahakikisha anarudi na majibu?